Koki Isiyo na Mkono

Siku ya kuniaga, vijana wa kituo chetu cha hali ya hewa mliniomba niandike habari za kazi yangu. Nilidhani ni heshima tu, lakini wiki iliyofuata mkaniletea daftari na kalamu mbili, nikajua hamtanii. Basi naandika. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, huko upande wa Hanga, na mwalimu aliyenifundisha alikuwa na fimbo nyingi kuliko chaki. Mkiona herufi zimeinama msiseme ni uzee. Ndivyo zilivyoanza.

Vyeo sitaviandika, maana nilikuwa navyo viwili tu: mfagizi, kisha mtu wa gesi. Mshahara nao hauna hadithi. Nitaandika mambo ya banda la gesi, na hasa nitajibu swali ambalo kila mgeni wa kazi ameniuliza: kwa nini koki ya bomba la nje, lile linalotoka kwenye kopo la nyuzi, haina mkono. Wengine mlisema umevunjika. Wengine mlisema koki ilikuja hivyo kutoka kiwandani. Mmoja, simtaji, aliandika kwenye kitabu cha vifaa kwamba mkono umepotea. Haujapotea. Nilikuwa nawajibu kwamba nitawaambia nikistaafu, mkacheka. Haya, nimestaafu.

Niliingia kituoni kama mfagizi wa uwanja. Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, nikamwona mzee mmoja anatoka bandani amekumbatia puto jeupe pana kuliko yeye. Akalisimamisha katikati ya uwanja, akaangalia saa, akaliachia. Bwana mwingine akainamia darubini ya miguu mitatu akalifuata lile puto mpaka likawa kama punje ya mtama juu ya milima ya Matogoro. Mimi nikasimama na ufagio nikidhani ni sikukuu ya serikali ambayo hatukutangaziwa kijijini. Kesho yake wakafanya tena. Siku ya tatu nikauliza.

Niliambiwa hivi, na nyie mliosoma mnivumilie. Puto likijazwa kwa kipimo, hupanda kwa mwendo unaojulikana. Anayetazama darubini anasoma pembe kila dakika, kisha anakaa na majedwali yake, anapata upepo wa huko juu unavuma kwenda wapi na kwa nguvu gani. Hesabu yote imesimama juu ya ule mwendo wa kupanda. Puto likipanda vibaya, karatasi inasema uongo, na rubani anaondoka na uongo huo mfukoni.

Yule mzee aliyekuwa amelikumbatia puto ni Mzee Saidi, Myao wa Tunduru, mtu wa maneno machache na asiye na nyusi. Nyusi zake zilikwenda na moto wa haidrojeni, hiyo gesi ya puto, zamani, kabla sijaja. Aliniona nafagia vizuri, akaniomba kwa mkuu wa kituo nikamsaidie. Mafunzo yake ya siku ya kwanza yalikuwa kuvua. Viatu vyenye misumari, vua. Shati la nailoni, vua. Saa ya mkononi, weka nje. Nikaingia bandani na kaptura na makatambuga ya tairi, nikiwa nusu ya nilivyokuja.

Kisha akanipa ufagio wa nyasi kavu. Nikasema mimi nimeshafagia. Akasema huu si wa kufagia. Moto wa haidrojeni mchana hauonekani, kwa hiyo unapoingia bandani unatanguliza ufagio mbele yako, chini na juu, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Ufagio ukiwaka, unarudi nyuma. Nikamuuliza kama si afadhali kutafuta kifaa cha maana zaidi kuliko nyasi.

"Ufagio tunao mwingine," akasema. "Uso hatuna."

Siku hizo gesi tuliipika wenyewe. Kulikuwa na chupa ya chuma nene, ndani tunatia maji, kostiki soda na vipande vya alumini, tunafunga, inachemka yenyewe bila moto. Alumini yenyewe ilikuwa masufuria. Nilizunguka mji mzima wa Songea, Mjimwema, Bombambili, kote, nikiomba masufuria yaliyotoboka. Akina mama walinijua. Wakaniita Baba Puto, na jina hilo limebaki mpaka leo hata kwa wajukuu zangu, ambao wanadhani ndilo la ubatizo. Gesi ya masufuria ilikuwa na mvuke na ilichoma macho, lakini ilipandisha puto.

Mambo ya kuvuja tuliyajua kwa povu la sabuni. Unapaka povu kwenye maungio, likivimba panavuja. Mzee Saidi hakuvumilia kuvuja. Nilimwona siku moja amesimamisha kazi asubuhi nzima kwa sababu ya kipovu kimoja kisichozidi punje ya dengu. Alipostaafu hakuwa na hotuba. Alinishika mkono, akanikabidhi ufagio, akaniambia kwamba banda hili lina mali moja tu, nayo ni hewa, nisiimwage hata kijiko. Kisha akapanda lori la Tunduru. Neno hilo nililishika kuliko katekisimu, na ndilo lililokuja kuniponza.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Nyie wengine mlikuwa watoto. Maduka yaliyokuwa na viberiti na majani ya chai tu yakajaa redio, sabuni za rangi na mashati ya mitumba. Watu wakafurahi, nami nikafurahi, mpaka nilipokwenda kuchukua kostiki soda nikaambiwa shirika lililokuwa likiileta limekufa. Nikasema basi nitunze alumini kwanza. Nayo nikakuta imenunuliwa. Wafanyabiashara wa vyuma chakavu walikuwa wameingia mjini na mizani, wanabeba masufuria mabovu kwa malori kwenda kuyeyushwa. Mama mmoja wa Mjimwema aliyenipa masufuria miaka yote akaniambia kwa upole kwamba siku hizi Baba Puto naye alete mizani.

Mitumba nayo ilinisumbua kwa njia yake. Mkuu wetu wa kituo, Bwana Mwakalinga, mtu wa Tukuyu, alijipatia shati la tetroni lenye maua, likiguswa linalia chechechee kwa umeme. Alikuja nalo bandani. Nikamzuia mlangoni. Akanikumbusha yeye ni nani. Nikamkumbusha Mzee Saidi alikuwa na nyusi. Akavua. Tangu siku hiyo kuna msumari nje ya mlango wa banda, na sasa mnajua ni wa nini.

Maputo yakaanza kurushwa siku moja moja, kisha yakasimama. Kwa miezi nilikuwa mtu wa gesi asiye na gesi, nikarudia kufagia uwanja, ambao kwa kweli haukuwahi kuwa safi vile. Na huo ulikuwa wakati mbaya wa kuwa mtu asiye na kazi, maana makao makuu walikuwa wanapunguza wafanyakazi, wanaanza na wasio na vyeti. Cheti changu mimi ni cha ndoa.

Hapo ndipo alipokuja Bi Anna na mashine. Bi Anna alikuwa fundi mitambo wa makao makuu, binti wa Bukoba, mwembamba, sauti ndogo, amesomea ng'ambo. Alishuka kwenye lori la kituo amekaa juu ya masanduku yake mwenyewe ili yasirukeruke. Akanipa shikamoo, akaniuliza banda liko wapi, akavua saa kabla sijamwambia. Nikampenda kwa hilo.

Mashine mnaijua, lakini mmeikuta imezeeka, ngoja niwaambie alivyonieleza ilipokuwa mpya. Tunaanza na mtungi wa amonia, ile ile ya viwanda vya barafu, inayonuka kama zizi la mbuzi lililofungwa. Amonia inaingia kwenye tanuru la umeme, inapasuka, inakuwa gesi mbili zilizochanganyika: haidrojeni sehemu tatu, nitrojeni sehemu moja. Inapita kwenye chupa ya maji ili harufu iliyobaki ioshwe, inapita kwenye kikaushio, ndipo inaingia kwenye kopo la nyuzi. Haidrojeni inatokea ubavuni mwa kopo kwenda kwenye puto. Mabaki yanatokea mwisho wa kopo, kwenye bomba la nje lenye koki.

Nilimuuliza kwenye kopo kuna nini. Alikuwa na kopo jingine bovu, akalikata kwa msumeno ili nione. Ndani mlikuwa na nyuzi za plastiki nyeupe maelfu kwa maelfu, zimelala pamoja kama nywele za mzungu mzee. Kila uzi una tundu katikati. Alinipa mmoja kiganjani, nikapumua, ukapotea. Akanieleza kwamba si chekeche. Plastiki haina matundu ya kuonekana. Gesi inaingia kwenye unene wa plastiki yenyewe na kutokea upande wa pili, haidrojeni upesi, nitrojeni kwa uvivu. Kazi ya kopo ni kumwacha mvivu nyuma. Maji ya matone yanaharibu nyuzi, mafuta yanaharibu, amonia yenyewe inazila. Kwa hiyo chupa ya maji na kikaushio vikaguliwe kila siku kabla ya chai.

Alikaa wiki mbili. Mimi nilifanya, yeye akaangalia mikono imefungwa mgongoni. Ile koki ya nje aliiweka mwenyewe, akageuza kidogo kidogo huku anaangalia geji ya usafi wa haidrojeni mpaka mshale ukasimama kwenye rangi ya kijani, kisha akachora mstari wa rangi nyekundu kwenye koki na bomba. Akasema hiyo haiguswi. Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa mambo mengi wiki hizo.

Siku ya kuondoka akaniita kando. Mashine hii, akasema, imeletwa kwa majaribio ya miezi sita. Makao makuu walitaka iendeshwe na mtu wa diploma, na mtu huyo hayupo Songea. Wangeipeleka mkoa mwingine, banda letu lifungwe. Yeye ameandika na kutia sahihi kwamba inaweza kuendeshwa na mtu aliyepo. Kuna wakubwa wamecheka. Kama ikishindwa, hawatamwamini tena kwa lolote.

"Nimeandika jina lako, mzee," akasema. "Usinitie aibu."

Nikamwambia aende salama.

Maputo yakaanza tena kila asubuhi. Nilikuwa nawasha tanuru alfajiri umeme ukiwepo, nakagua maji na kikaushio, naangalia mshale kwenye kijani. Watoto wa shule wakawa wanasimama kwenye uzio kutazama. Sina haja ya kuficha kwamba nilitembea mjini nikiwa nimenyoosha mgongo.

Lakini lile bomba la nje lilinisumbua. Mashine ikifanya kazi, bomba linapuliza ssss, mchana kutwa, gesi inakwenda zake angani. Mtu aliyefundishwa na Mzee Saidi hawezi kukaa karibu na sauti ile. Nikajiambia hiyo ni nitrojeni, ni takataka, Bi Anna kasema. Lakini siku moja nikachukua povu la sabuni nikalishikiza kwenye mdomo wa bomba. Kipovu kikavimba, kikajikata, kikapanda juu. Kikapita paa. Takataka haipandi. Nikapuliza cha pili, nacho kikapanda. Nikajua kwamba katika ile takataka mna haidrojeni nzuri inamwagwa, na mtungi wa amonia unasafiri kwa lori kutoka Dar es Salaam mpaka huku, unapita Makambako kwenye matope, unafika baada ya kuombwa kwa barua tatu.

Nikaibana koki kidogo. Sauti ikapungua, nikasikia raha. Kesho yake nikaongeza, kidogo tu, kama mtu anayezidisha maji kwenye uji akidhani wageni hawataona. Mpaka mtungi wa pili unafungwa kwenye mashine, koki ilikuwa imefungwa kabisa na banda kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Mtungi ukadumu kuliko wa kwanza. Nilikaa nikapanga jinsi nitakavyomwambia Bi Anna akija, nimpe muda wa kustaajabu.

Mshale wa geji ulianza kushuka. Ukatoka kwenye kijani, ukaingia kwenye njano, ukaendelea. Niliugonga kwa kidole. Geji zote nilizozijua maishani zilikufa mapema, nikadhani na hii ndiyo hali yake.

Jambo ambalo sikuweza kulisingizia geji lilikuwa puto lenyewe. Kujaza puto, kama mnavyojua, tunalifunga kwenye mdomo wa shaba wenye uzito wake, tunajaza mpaka liubebe ule uzito. Puto lililokamilika nilikuwa nikilikumbatia, vidole vyangu vinagusana nyuma yake. Sasa puto likibeba uzito ule ule, vidole havigusani. Wiki ile vikaachana kwa upana wa kiganja kizima. Nikafikiri nimezeeka, mikono imesinyaa. Mtu mwenye kiburi hupata sababu yoyote karibu naye, na mimi nilikuwa nayo mikono miwili.

Puto kubwa namna ile linasukumana na hewa, linapanda polepole. Bwana Mwakalinga hakujua. Alisoma pembe zake, akafungua majedwali, na majedwali yakamwambia kuna upepo mkali juu ya Songea. Upepo wa karatasini ukawa mkali kuliko upepo wenyewe. Makao makuu wakapiga simu ya redio kuuliza mbona vituo vya jirani vimetulia na Songea peke yake kuna dhoruba. Kisha akaja rubani wa ndege ndogo ya misheni, Mzungu mpole, akaweka karatasi yetu mezani, akasema ameutafuta upepo huu njia nzima hakuukuta, na kama tunao hapa kituoni angeomba kuuona. Bwana Mwakalinga hakucheka. Akaandika barua kwamba mashine mpya haifai.

Barua ikajibiwa kwa simu: Bi Anna anakuja kwa basi, na kama haoni cha kurekebisha, aifungue mashine, aiweke kwenye masanduku, ihamishwe.

Jioni ya kabla ya kufika kwake nilisafisha banda. Nilifuta vumbi kwenye tanuru, nikabadilisha maji ya chupa, nikachuma nyasi mpya za ufagio. Na nikairudisha ile koki kwenye mstari mwekundu. Nataka mnielewe vizuri hapa. Sikuirudisha kwa kuwa nimejua kosa. Niliirudisha kama mtu anavyorudisha kiti cha mgeni mahali alipokiacha. Mgeni anakuja, vitu vikae kama alivyoviweka.

Bi Anna alifika asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Akanipa shikamoo, akavua saa, tukawasha. Baada ya muda mshale ukaanza kupanda. Ukapita njano. Saa nne ulikuwa kwenye kijani, umesimama wima kama askari. Nikajaza puto, vidole vikagusana.

Hapo ndipo nilipojua. Nilisimama nimelikumbatia lile puto, nikajua kila kitu, nikalitoa uwanjani kama kawaida.

Nilidhani sasa mambo yamekwisha. Mashine imepona, ataandika imepona, atakwenda. Sikujua fundi anavyofikiri. Kwa fundi, mashine iliyokufa ni rahisi. Mashine inayoumwa kwa wiki tatu na kupona siku ya daktari ndiyo mbaya kuliko zote, maana haiaminiki. Alijaribu maungio yote kwa povu. Akafungua kikaushio. Akakaa chini na kitabu changu cha kumbukumbu, ambamo nilikuwa nimeandika kila siku "sawa", kwa sababu kila siku nilidhani ni sawa. Alasiri akamwambia Bwana Mwakalinga kwamba hana jibu. Huenda nyuzi zimeanza kuliwa na amonia na usafi unapanda na kushuka. Akasema kosa ni lake, alizikubali nyuzi hizi bila kuzijaribu vya kutosha, na ndivyo atakavyoandika. Akaanza kufungua maungio ya tanuru na kuweka spana kwenye sanduku, moja moja, kwa mpangilio wa ukubwa.

Nilikuwa nimekaa kwenye debe karibu na mlango. Nimesema nilikuwa mtu mwenye kiburi. Niliweza kuvumilia kupunguzwa kazi, kwetu kuna shamba. Niliweza kuvumilia banda kufungwa. Lakini kumwona mtu anaandika ujinga wangu kwa jina lake, tena kwa mwandiko mzuri, sikuweza.

"Bi Anna," nikasema, "ile koki ya nje niliifunga mimi."

Hakugeuka. "Lini?"

"Nilianza mtungi wa kwanza. Mtungi wa pili wote ilikuwa imefungwa."

"Leo haikufungwa."

"Niliifungua jana jioni."

"Kwa nini uliifungua?"

"Ulikuwa unakuja."

Bwana Mwakalinga alikohoa akatoka nje, na nadhani alikwenda kuongea na ukuta. Bi Anna akaweka spana chini, akaniuliza kwa nini niliifunga mara ya kwanza. Nikamwambia ilikuwa inamwaga. Nikamweleza povu la sabuni na jinsi lilivyopanda kupita paa. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kipovu kilikuwa kikubwa kiasi gani, nikamwonyesha kwa vidole. Akasema nilipima sawasawa. Katika mabaki haidrojeni imo, na lazima ipotee kidogo, ndiyo gharama ya kusafisha.

"Mzee, mama nyumbani akipepeta mchele, pumba anazirudisha kwenye ungo?"

"Tunawapa kuku."

"Wewe ulizirudisha. Nitrojeni haikuwa na pa kutokea. Ikajaa kwenye kopo mpaka ikapita na yenyewe, ikaingia kwenye puto." Akaelekeza kidole kwenye bomba. "Kuku wako wako huko nje. Waachie."

Nilielewa mara moja, na iliniuma zaidi kwamba ilikuwa rahisi namna ile. Wengine mmesikia kwamba nililia. Sikulia. Ile chupa ya maji ya kuosha amonia ilikuwa wazi.

Akatoa karatasi aliyokwisha kuiandika, akaisoma tena, akaichana mara mbili. Akaniambia itabidi aandike ukweli, na ukweli una jina langu, na kwa mtu asiye na cheti wakati kama huu haitakuwa jambo dogo. Nikamwambia aandike tu, jina langu analijua, aliliandika mara ya kwanza.

Aliandika kwamba mashine ni nzima, nyuzi ni nzima, kosa ni la mwendeshaji, na mwendeshaji ndiye aliyeligundua. Hilo la mwisho nilitaka akate, akakataa. Mimi na Bwana Mwakalinga tulikaa siku mbili tukifuta upepo. Mimi nilimsomea tarehe, yeye akapiga mstari mwekundu juu ya kila dhoruba ambayo haikuwapo. Alipofika ya mwisho akasema ilikuwa dhoruba nzuri, akapiga mstari.

Mashine ilibaki. Mimi nilipata barua ya onyo yenye mhuri. Orodha ya kupunguzwa ilipokuja baadaye, jina langu halikuwamo. Wapo waliosema barua ile ndiyo iliyoniokoa, maana ofisi haiwezi kumfukuza mtu ambaye imetoka kumwonya, itaonekana haijui inachotaka. Mimi sijui. Najua kwamba Bi Anna alikuja tena mara nyingi kukagua, akapewa na mikoa mingine aifungie mashine, na kila alipofika hapa alivua saa, akaenda moja kwa moja kwenye ile koki, akaitazama, kisha ndipo akanipa shikamoo. Sikumlaumu.

Siku ile ile alipopanda basi kurudi, nilichukua msumeno wa chuma. Niliweka koki kwenye mstari mwekundu, nikasubiri mshale ukae kwenye kijani, nikazima mashine, nikafungua milango na madirisha, nikapitisha ufagio, nikaumwagia maji mkono wa koki usitoe cheche, nikaukata. Ilinichukua karibu asubuhi nzima. Sasa anayetaka kuigeuza koki ile itabidi akatafute spana, na kabati la spana liko jengo jingine, ng'ambo ya uwanja. Kutoka bandani mpaka kabatini na kurudi, mtu hata awe mbahili kiasi gani anapata muda wa kufikiri. Nimepima kwa miguu yangu. Nilikwenda kabatini mara nne miaka hii yote, bomba likipuliza ssss, na mara zote nne nilirudi mikono mitupu.

Basi kitabu cha vifaa kirekebishwe. Mkono haukupotea, uko kwangu Mjimwema, mezani karibu na dirisha. Nimeuweka juu ya ile barua ya onyo, kwa sababu alasiri upepo wa Matogoro unaingia pale, na ni upepo wa kweli.